Padri Kagame na Neno "Kitu"

Hapa kwetu Matsangoni, baina ya Kilifi na Malindi, tuliosoma chuoni tulifundishwa tungali wadogo sifa 20 za Mwenyezi Mungu, na ya kwanza ni wujudi, yaani kuwako. Tulizikariri kwa sauti, fimbo ikitungoja, wala hapana aliyeuliza kuwako kwenyewe ni nini. Aliyenifanya niulize, nami nimeshaota mvi, ni padri wa Kikatoliki wa Rwanda, marehemu Alexis Kagame. Msomaji asishituke. Vitabu vya Ibn Sina juu ya wujudi vilisomwa na mapadri wa Ulaya kwa Kilatini karne nyingi zilizopita, basi nasi si vibaya kumsoma padri mmoja.

Kagame alizaliwa mwaka 1912 katika ukoo uliotunza habari za ufalme. Alipata upadri mwaka 1941, akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka, na huku akiwaendea wazee wa baraza la mfalme kuandika tungo na nasaba walizozihifadhi kwa moyo. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya kanuni za utawala wa Rwanda ya kale. Wakoloni wa Kibelgiji hawakupendezwa nacho, naye akapelekwa Roma. Huko alisoma falsafa hata akapata udaktari mwaka 1955, na mwaka uliofuata kazi yake ikachapishwa Brussels.

Kitabu hicho kilihusu elimu ya kuwako, Wazungu waiitayo ontolojia. Wengine huianza elimu hii kwa Aristotle. Kagame naye alimjua Aristotle na mafungu yake 10, lakini alikwenda kuuliza lugha ya mama yake. Akaona kwamba kila kilichoko huingia katika maneno manne ya Kinyarwanda: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, kikiwa ng'ombe au jiwe, ahantu, mahali na wakati pamoja, na ukuntu, yaani namna. Yote yana shina moja, ntu.

Niliposoma hayo nilijipima mwenyewe. Mtu tunaye, kitu tunacho. La tatu sisi Waswahili tumelitupa, tukachukua mahali kutoka Kiarabu. Lakini jirani yangu Mgiriama aniuziaye korosho bado asema hatu, na kila nimsikiapo humkumbuka yule padri.

Hata hivyo sikukubali yote. Kipofu, kiziwi na kijana huanza kwa ki, nao ni watu wenye akili timamu. Ng'ombe naye tunasema amekufa, kama tusemavyo juu ya mtu. Je, sarufi inatuonyesha vitu vilivyo, au mazoea ya ndimi zetu tu? Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baada yake, kama Paulin Hountondji wa Benin, walimkosoa vikali, nami naona walikuwa na haki. Lakini hao nao wasingekuwa na la kukosoa kama yeye hakuthubutu kwanza.

Pamoja na hayo, liko jambo moja lililonigusa zaidi. Kagame alisema kwamba Imana, Mungu wa Wanyarwanda, hamo katika yale mafungu manne. Ndiye aliyeyafanya yawe. Nikafikiri: nasi twasema Mungu yuko, wala hatumwiti mtu wala hatumwiti kitu. Nikaikumbuka ile sifa ya chuoni, kwamba Yeye hafanani na viumbe, niliyoikariri miaka yote kama kasuku.

Alirudi kwao mwaka 1958, baadaye akasomesha Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka 1976 akatoa kitabu kingine kilichozilinganisha lugha za Kibantu kwa upana. Alifariki Desemba 1981, tena hapa hapa Kenya, mjini Nairobi. Kutoka Matsangoni ni safari ya basi tu. Laiti ningejua yuko, ningekwenda kumwuliza habari ya kipofu.