Maisha ya Bibi Grace Hopper, Aliyeifundisha Kompyuta Kusoma Maneno

Ndugu wasomaji, nimeona vema niandike katika sehemu hii ya Kiswahili habari za mama mmoja wa Marekani aliyekwisha kufa zamani, lakini kazi yake twaikuta kila mara tuingiapo katika chumba cha kompyuta. Jina lake ni Grace Hopper. Kwanza nieleze kwa nini nilianza kusoma habari zake.

Mwaka jana niliandika programu ndogo ya kujumlisha magunia ya kahawa ya shangazi yangu, ambaye hulima vilimani juu ya Rukoki. Kompyuta ikakataa, ikasema kwamba kuna kosa la sintaksia katika mstari wa 7. Nikausoma mstari huo, nikaubadili, kisha nikaubadili tena. Vipindi vitatu vikapita. Mwishowe nikamwomba mwalimu anitoe katika somo lile, maana niliamini kwamba mashine inanionea. Mwalimu akatazama mara moja tu, akanionyesha mstari wa 6. Nilifungua mabano, sikuyafunga. Hakunitoa, bali alinipa kazi ya kusoma maisha ya Bibi Hopper na kuwasimulia wenzangu. Basi nayasimulia.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika mji wa New York, akaitwa Grace Brewster Murray. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kuamshia inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vipande vikamshinda. Akafungua ya pili, na ya tatu, hata zikawa saa 7 kabla mama yake hajatambua. Hakupigwa marufuku kabisa, ila aliruhusiwa saa moja tu ya kuchezea.

Alisoma hesabu na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya udaktari wa hesabu mwaka 1934. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kufundisha Vassar. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, akataka kuingia Jeshi la Majini. Aliambiwa kwamba umri wake umepita na mwili wake ni mwembamba mno, uzito ukipungua karibu kilo 7. Hakukata tamaa, akaomba ruhusa ya pekee, akapokelewa mwezi wa Desemba 1943. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali palipokuwa na kompyuta iliyoitwa Mark I, yenye urefu wa mita 15 na zaidi. Kwa sekunde moja iliweza kujumlisha mara 3 tu. Maagizo yake yalitobolewa katika utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa, hesabu nzima iliharibika.

Tarehe 9 Septemba 1947 kompyuta nyingine pale, Mark II, ilikwama. Mafundi wakachungulia ndani wakamkuta nondo amenaswa katika swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa gundi ya utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Wahandisi walikuwa wakiliita kosa la mashine mdudu tangu miaka mingi kabla ya siku ile, na si Bibi Hopper aliyemkuta nondo huyo, ila alipenda sana kukisimulia kisa hicho. Daftari lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mimi naona somo lake ni hili, kwamba wale mafundi hawakuandika tu kuwa mashine ni mbovu. Waliandika ni nini, wapi, na saa ngapi.

Mwaka 1949 Bibi Hopper alikwenda Philadelphia kufanya kazi na kampuni ya Eckert na Mauchly. Kompyuta moja ya huko ilihesabu kwa nane, yaani baada ya 7 huja 10. Akaizoea mno, hata hesabu zake za benki zikaacha kulingana. Alihangaika, asione kosa. Ndipo ndugu yake, aliyekuwa mtu wa benki, alipokagua na kugundua kwamba mara nyingine dada yake alikuwa akitoa kwa hesabu ya nane. Hivi hata daktari wa hesabu alihitaji mtu wa kumwonyesha mahali alipokosea!

Siku zile kila programu iliandikwa kwa tarakimu na alama. Watu walinakili vipande kutoka daftari moja hadi jingine, nao wakikosea sana. Herufi B iligeuka kuwa 13, na alama ya pembetatu iliyoonyesha nafasi tupu iligeuka kuwa 4. Bibi Hopper akawaza kwamba kazi ya kunakili si ya mtu bali ni ya mashine. Akahifadhi vipande vilivyokwisha kuthibitika katika utepe wa sumaku, akavipa namba, na kufikia mwaka 1952 akawa ametengeneza programu ya kuviunganisha, ndiyo kompaila yake ya kwanza, A-0. Wengi hawakusadiki. Walisema kompyuta hujua kuhesabu tu.

Akaendelea mbele zaidi. Akataka watu waiandikie kompyuta kwa maneno ya kawaida. Ili kuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana, alitengeneza mfano wa Kiingereza, kisha akabadili maneno yakawa ya Kifaransa na ya Kijerumani. Wakubwa wake walishtuka, wakaona haifai kompyuta iliyoundwa Pennsylvania ijue Kijerumani. Lakini kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, na kutoka humo zikachukuliwa fikra nyingi za COBOL, lugha iliyoanza kutungwa mwaka 1959 na ambayo hadi leo inatumika katika benki nyingi.

Sasa mashine isomayo maneno haina budi kujua mpangilio wake. Sisi tukiandika kitabu yangu badala ya kitabu changu, mwalimu wa Kiswahili hupiga mstari kwa kalamu nyekundu. Ndani ya kompaila kazi hiyo hufanywa na kichanganuzi. Husoma neno baada ya neno kikilinganisha na kanuni, na kikifika mahali ambapo hakiwezi kuendelea, husimama na kutoa taarifa. Ni kama msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera akasahau kukata kona Kikorongo. Hatajua amepotea mpaka aone daraja la Katunguru. Akiulizwa alipopotea atataja Katunguru, kumbe kosa liko Kikorongo. Ndivyo mabano yangu ya mstari wa 6 yalivyotajwa katika mstari wa 7.

Bibi Hopper alistaafu mwishoni mwa mwaka 1966, lakini mwaka 1967 Jeshi la Majini likamwita tena. Kampuni mbalimbali zilikuwa na kompaila zisizokubaliana juu ya COBOL. Yeye na watu wake wakatengeneza programu za kuzijaribu kompaila zenyewe na kuonyesha kila moja imeiacha kanuni wapi. Kwa hiyo hata msahihishaji alisahihishwa.

Katika mihadhara yake aliwagawia watu vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, urefu wa rula yetu, ili waone kwa macho umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini alitundika saa iliyozunguka kinyume, kuwaonyesha wenye kushika mazoea kwamba jambo laweza kufanywa kwa njia nyingine. Aliondoka jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79, mwenye cheo cha admeri, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Amezikwa Arlington.

Kazi ya kutaja makosa vizuri haijakwisha. Lugha ya Python, tunayojifunza hapa, ilirekebishwa mwaka 2021. Tangu toleo hilo, mtu akisahau kufunga mabano huambiwa kwamba mabano hayakufungwa, na huonyeshwa mstari yalipofunguliwa. Kompyuta niliyotumia mimi ilikuwa na toleo la zamani.

Wenzangu, na ninyi mliosoma hapa zamani, mimi nimejifunza mambo mawili. Anayeambiwa kosa lake asidhani anatukanwa, na tena atazame mstari wa juu yake. Naye anayemwambia mwenzake kosa ataje ni lipi na liko wapi, asiseme tu kwamba kazi ni mbaya. Magunia ya shangazi yamekwisha kujumlishwa, na jumla imelingana na daftari lake.

Kwaherini.