Marehemu Siti binti Saad, Mtetezi wa Wanawake

Wasemao Kiswahili wa Mitundu, Lilongwe na Dzaleka wametoka nchi nyingi, na wengi wao wamepata kulisikia jina la Siti binti Saad. Amjuaye kwa uimbaji peke yake hajajua nusu ya sifa zake. Marehemu huyu aliwatetea wanawake katika zama ambazo mwanamke maskini hakuwa na pa kusemea.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa mkulima na mama yake mfinyanzi. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini dharau kwa watu wa asili duni haikuondoka pamoja nao. Binti huyu hakupata elimu ya skuli. Alijifunza kazi ya mama yake, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa sauti nzuri iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko mafundi wa taarabu walimfundisha kuimba kwa kufuata ala, naye akahifadhi mashairi mengi kwa moyo, ingawa hakujua kusoma wala kuandika. Taarabu ilikuwa burudani ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, wakaitia habari za watu wa mitaani. Wenye husuda walimtungia nyimbo za kumdharau kwa asili yake. Yeye hakuwarudishia matusi, bali aliimba kuwa akili na tabia njema ni bora kuliko sura na nasaba.

Mashuhuri miongoni mwa nyimbo zake ni wimbo wa Kijiti. Wimbo huo wasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Kesi ilikwisha, lakini kila wimbo ulipoimbwa watu walikumbushwa dhuluma ile, wakaulizana kwa nini mkosaji yu huru. Hali kadhalika, Siti aliimba juu ya wake wanaoteswa na waume zao, na juu ya wenye nguvu wanaoikwepa sheria.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, wakatia nyimbo zao katika santuri. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake iliingia katika chombo hicho. Kwa njia ya santuri, habari za mitaa ya Unguja zilifika mbali, na hata mwanamke asiyetoka nyumbani aliweza kusikia kisa cha mwenzake.

Siti alifariki dunia mwezi wa Julai, 1950. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili, aliandika wasifu wake. Na chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Maisha yake ni funzo kwa wazazi na vijana, wake kwa waume. Asiye na cheo wala elimu ya kalamu aweza kuwa shahidi wa haki, maadamu asimulia yaliyo kweli wala hawaogopi wakubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.