Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947): Mwanamageuzi wa Mvita

Mji wa Mombasa ulikuwa ukipokea habari za Uarabuni kwa njia ya bahari tangu kale. Jahazi zilizoshusha tende na mazulia katika Bandari ya Kale zilileta pia vitabu, na baadaye majarida. Miongoni mwa majarida hayo lilikuwamo Al-Manar, lililoanzishwa na Rashid Rida jijini Cairo mwaka 1898. Katika mitaa ya Mji wa Kale na Bondeni hakuwapo msomaji aliyeyatendea kazi mafunzo yake kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo uliokwisha kupoteza dola. Wamazrui waliitawala Mvita kwa karibu miaka mia moja hadi Seyyid Said wa Oman alipowaangusha mwaka 1837. Sheikh alikuwa mtoto wa miaka minne hivi wakati Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliposimama kupigana na Waingereza, akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Mwaka huohuo wa 1895 Ngome ya Yesu, makao ya mababu zake, iligeuzwa gereza, na ikabaki gereza maisha yake yote. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanazuoni mkubwa, alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akavuka kwenda Unguja kuchota elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Huo ulikuwa wakati wa misukosuko katika ulimwengu wa Kiarabu. Misri ilikuwa imekaliwa na Waingereza tangu 1882. Ikainuka mwaka 1919 kudai uhuru. Mwaka 1924 Uturuki ikafuta ukhalifa. Jamaluddin Afghani, Muhammad Abduh na Rida walikuwa wameuliza kwa nini Waislamu wamekuwa wanyonge mbele ya Ulaya, na jibu lao lilielekea ndani: dini imechanganywa na uzushi, elimu ya dunia imetupwa. Sheikh Al-Amin alilitwaa swali hilo na kuliuliza Mombasa, mahali ambapo bendera ya Sultani ilipepea juu ya ardhi iliyokodishwa kwa Waingereza.

Hapa ndipo ulipo upekee wake. Wanazuoni wa zama zake waliandika Kiarabu, lugha iliyowapa heshima baina yao. Yeye mwaka 1930 alitoa Sahifa, kijikaratasi cha Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Aliwakemea watu wa pwani kwa israfu, uvivu na kuwaiga Wazungu katika mavazi badala ya kuwaiga katika bidii. Maneno makali, na si wote walioyapenda. Aliyakosoa pia mazoea ya kidini ambayo wazee waliyaenzi.

Yafaa mwanafunzi wa Kiswahili aitazame tarehe hiyo kwa makini. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 kwa hati za Kirumi. Kwa hiyo, wakati serikali ikisanifu lugha kwa ajili ya skuli zake, Sheikh alikuwa akijenga nathari ya hoja kwa Kimvita na kwa hati ambazo wasomaji wake walijifunza chuoni. Historia za fasihi yetu huipita nathari hii kwa haraka mno, kana kwamba pwani ilijua kutunga mashairi tu.

Jambo moja limewatatiza waliomchunguza. Mkosoaji huyu wa ukoloni alikubali ukadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo kilichokuwa chini ya serikali ileile. Wengine huona huko ni kulegea. Lakini mahakama ya kadhi ilikuwa takriban taasisi pekee ya sheria ya Kiislamu iliyosalia, na kuiacha kungekuwa kuwaachia wengine mirathi na ndoa za Waislamu. Hata hivyo, Al-Islah haikudumu.

Kalamu haikukoma kabisa. Mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, safari hii kwa hati za Kirumi. Jina lenyewe limehifadhi matamshi ya Mvita. Wanafunzi wake, wakiwamo Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya.

Alifariki Aprili 1947. Mwanawe Ali, ambaye baadaye alisifika duniani kwa taaluma ya siasa, alikuwa na umri wa miaka 14. Historia ya Wamazrui aliyoiandika Sheikh kwa Kiarabu ilichapishwa mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.