Daktari Pott na kibiongo cha mtoto
Mzazi wa Kyela, Ipinda au Matema, mtoto akiota kibiongo na miguu ikalegea, usikimbilie kusema karogwa. Percivall Pott, daktari mpasuaji aliyezaliwa London mwaka 1714, aliwahi kuvunjika mguu akaponea chupuchupu kukatwa. Mwaka 1779 alieleza kuwa miguu ya wagonjwa wa namna hiyo hulegea kwa sababu pingili za mgongo zinaugua. Aliwachoma vidonda pembeni mwa mgongo ili uchafu utoke. Tusimcheke: alifariki mwaka 1788, na kijidudu cha kifua kikuu Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Leo dawa zipo, tena bure. Mtoto akilalamika mgongo wiki hadi wiki, ana homa na anakonda, mpeleke hospitali kabla mgongo haujapinda.