Omondi, mshambuliaji wa ekipi ya wafanyakazi

Siye watu wa mgodi tunazijua ekipi zinazozaliwa kazini. Hapa kwetu Lubumbashi, Lupopo ni ya watu wa reli. Kule Kampala, Uganda, mwaka wa 1963, wafanyakazi wa mji, wale wa maji machafu, nao walianza kucheza mupira wakitoka kazini. Ekipi yao ikaitwa KCC. Njo humo alitokea Phillip Omondi.

Alizaliwa 1957. Akiwa bado kijana tu, KCC ikachukua ubingwa wa Uganda 1976, ikarudia 1977. Miaka ile ile miwili Uganda ikabeba kombe la Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Lakini ndugu, mambo yenyewe ni 1978, Kombe la Afrika kule Ghana. Kwao ilikuwa wakati wa Idi Amin. Watu wanapotea, sukari ni ya kutafuta. Na vijana wale wakaenda kucheza. Wakawapiga jirani zetu wa Brazzaville 3-1. Tunisia ikawapiga wao 3-1. Wengi wangekata tamaa hapo, kwa sababu aliyefuata alikuwa Morocco, mwenye kombe la 1976. Wakamfunga 3-0! Nusu fainali ikawa na Nigeria, watu wa nguvu. Wakawa sawa 1-1, kisha Omondi akafunga goli la pili, na Uganda ikaingia fainali.

Pale Accra Ghana ilishinda 2-0, magoli yote mawili ya Opoku Afriyie. Omondi alimaliza na magoli matatu, sawa na Afriyie na Odegbami wa Nigeria. Hakuna aliyewapita.

Kisha akaenda kucheza Sharjah, kwa Waarabu wa Ghuba. Kuna wanaosema mchezaji akifuata mushahara mbali amewatupa wenzake. Siye wa sendika hatusemi hivyo: muguu wa mchezaji ni kama mukono wa mchimbaji, unachoka mapema, na watoto wanakula kila siku. Tena Omondi alirudi KCC, akaichezea, na baadaye akawa kocha palepale.

Alikufa 1999. Uganda ilirudi kwenye Kombe la Afrika 2017, kisha miaka 39. Kiwanja cha KCC pale Lugogo kinaitwa Omondi.