Anselm Franz: Baba wa injini iliyosumbuliwa na vumbi

ANSELM Franz alizaliwa Schladming, Austria, mwaka 1900. Akiwa mhandisi wa kampuni ya Junkers nchini Ujerumani, aliongoza utengenezaji wa injini ya Jumo 004 iliyorusha ndege ya kivita ya Me 262.

Vita ilipomalizika mwaka 1945 alipelekwa Marekani, na baadaye akajiunga na kampuni ya Lycoming. Kikosi chake kilibuni T53, injini ya helikopta ya Huey, kisha AGT1500, turbini ya gesi ya kifaru cha M1 Abrams. Alistaafu mwaka 1968. Kifaru hicho kiliingia jeshini mwaka 1980.

Turbini huvuta hewa nyingi kuliko dizeli yenye nguvu sawa. Mchanga ukipenya, hula mapanga yanayobana hewa. Filta zikiziba, nguvu hupungua, jambo ambalo dereva yeyote wa lori katika barabara ya vumbi analijua. Katika vita ya Ghuba mwaka 1991, askari walilazimika kusimama mara kwa mara jangwani kuzisafisha. Baadaye ulitengenezwa mfumo wa filta zinazojisafisha kwa kupulizwa hewa.

Franz alifariki dunia mwaka 1994, akiwa na miaka 94.