Roberto Clemente: Mchezaji Aliyefuata Misaada Baharini

Mwaka 1973 ulipoanza, wakazi wengi wa San Juan, Puerto Rico, walisimama ufukweni wakiyatazama mawimbi. Usiku uliotangulia, ndege iliyobeba misaada ya walionusurika tetemeko la ardhi la Managua, Nikaragua, ilianguka baharini mara baada ya kuruka. Roberto Clemente alikuwamo.

Alizaliwa Carolina mwaka 1934, akaichezea Pittsburgh Pirates besiboli misimu 18. Miezi mitatu kabla ya kifo alikuwa amefikisha pigo lake la 3,000. Hakuna aliyemlazimisha kusafiri. Lakini alisikia kwamba shehena alizotangulia kutuma haziwafikii wenye shida, akaazimia kuzisindikiza mwenyewe, katika ndege mbovu iliyozidishiwa mzigo.

Wenzake wa timu walihudhuria ibada ya kumwombea huko Carolina, isipokuwa rafiki yake Manny Sanguillén: yeye alikuwa baharini pamoja na wapiga mbizi, akimtafuta. Mwili haukupatikana kamwe.

Katika uwanja wa sasa wa Pittsburgh, ukuta wa upande wa kulia, aliokuwa akiulinda Clemente, umejengwa kwa kimo cha futi 21. Jezi yake ilikuwa namba 21.